Utepe wa Zambarau

Jumapili, tarehe 9 Machi 2025. Asubuhi jua liliwaka mapema, wala hapakuwa na upepo.

Wakati wa ushuhuda nilisimama kanisani kwetu Ukunda.

Miaka kumi iliyopita mume wangu, Musyoki, alirudi kutoka kazi ya upishi melini. Alisimulia kwamba huko kaskazini ya dunia aliona usiku utepe wa mwanga wa zambarau umelikata anga lote. Nami, kwa kuihofia roho yake, nikampeleka kwa mchungaji aombewe aache uongo. Akina mama wakamwita Mzee Utepe.

Tangu hapo hakusimulia tena. Nimeikosa sana sauti yake, akisimulia visa huku akimenya mihogo, watoto wakicheka hadi kupaliwa.

"Bwana asifiwe," nilisema. "Juzi, kwenye masomo yetu ya jioni ya watu wazima, tumesoma habari za utepe ule. Ni hewa yenye umeme na joto kali, juu mno, inayokwenda kilomita sita kwa sekunde moja. Mungu ndiye aliyeiumba. Musyoki hakudanganya. Mimi ndiye niliyemsingizia."

"Kumbe, Mzee Utepe!" alisema mama mmoja nyuma. Hakuna aliyecheka.

Musyoki alikuwa akiikunja pembe ya kitabu cha nyimbo, akiikunjua, akiikunja tena.

"Chini yake palikuwa na kijani," alisema, bila kuinua macho. "Kimesimama kama ua wa fito. Hicho sikukuambia."

"Utaniambia leo," nilimjibu, kanisa zima likisikia. "Naahidi, sitakukatiza."