Mashavu Yaliyochelewesha Posa

"Geuka huku. Sasa huku." Shangazi alimshika binti kidevu, akamvuta hadi penye mwanga wa dirisha. "Wekundu uko palepale! Hiyo leza wanakupiga usoni au wanapiga ukuta?"

Sebule nzima ikacheka. Nyumba ile haikuwahi kuwa na viti vya kutosha. Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi, binamu wawili sakafuni, na binti mwenyewe, fundi cherehani, akarudi kwenye mashine yake kumalizia pindo la pazia la mteja.

"Mimi mashavu yangu hayanisumbui," alisema.

"Hayakusumbui wewe. Yanamsumbua anayetaka kukuoa."

Hapo ndipo palipowaka moto. Chunusi zilikwisha zamani, zikamwachia binti madoa mekundu kwenye mashavu yake ya maji ya kunde. Na mchumba, dereva wa gari la mikate, alikuwa ameshaahirisha mara mbili siku ya kuja kutambulishwa. Nyumba nzima ilimjua kwa mkono tu, ule uliopunga kwenye dirisha la gari nje ya geti kabla hajatia moto na kuondoka. Kila akiulizwa, alimjibu binti vilevile: "Siku hiyo kutakuwa na picha, na picha hazifutiki. Tungoje kidogo."

Mama mdogo, aliyekuwa nyuma ya mlango kwa bahati mbaya, ndiye aliyeyaleta maneno hayo sebuleni yakiwa bado ya moto. Kikao kikakaa, bila binti, na hukumu ikatoka: mwanamume anaona haya kupigwa picha na mashavu yale. Akiahirisha mara ya tatu, basi tena, hakuna ndoa.

Shangazi akapiga simu kliniki ya ngozi, akaweka nafasi kwa jina lake mwenyewe ili majirani wasipate la kusema.

Basi ikawa kila Jumatano honi inalia getini, binti anatupa sindano na kutoka mbio, gari la mikate linampeleka kliniki.

"Angalau anampeleka," alisema mama mdogo.

"Anakwenda kuhakikisha mzigo unakarabatiwa," akajibu Shangazi.

Akirudi, walimzunguka kama mgeni kutoka ng'ambo.

"Inauma?"

"Wanasema ni kama kufyatuliwa raba shavuni."

"Maskini mwanangu! Na bado mwekundu!"

Halafu, siku moja isiyo na dalili yoyote, mchumba akapiga simu. Yuko tayari. Jumamosi anakuja na wazazi wake, na mpiga picha amemtafuta mwenyewe. Binti akaruka hadi cherehani ikatikisika. Vigelegele vikapanda. Shangazi peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa anayatazama mashavu. Akaingia chumbani na simu.

"Nesi, mnatuonaje sisi? Mnatuchezea?"

"Mama, mgonjwa wako amepona," sauti ya nesi ilikuwa tulivu. "Ngozi imetulia vizuri kabisa. Tumeshamruhusu."

"Amepona? Nimetoka kumtazama sasa hivi, anawaka kama taa ya breki! Wewe njoo Jumamosi, uje unieleze mbele ya watu!"

Jumamosi nyumba ilijaa mpaka watu wakaegemea friji. Shangazi alifunga mapazia, akamkalisha binti kwenye kona yenye kiza, akasimama mbele yake kama mlinzi wa benki. Mkwe mtarajiwa alipoingia, Shangazi hakupata hata muda wa kumtazama. Alikuwa anapima umbali kati yake na ile kona.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu, kaa kule. Kule, kule mbali."

Mchumba hakukaa. Alimfuata binti konani, akamshika mkono, akamleta katikati ya sebule, kisha akafungua mapazia yote mawili. Jua likamwagika ndani.

"Tuanze na picha," alisema. "Nimezingojea sana."

Shangazi aliona yote yanaporomoka. Mpiga picha alikuwa ameshainua kamera, na nesi ndiyo kwanza anaingia, amevaa gauni zuri kuliko la mwenye shughuli. Shangazi akamkamata kiwiko, akamsukuma mbele.

"Haya! Sema mbele ya wazee hawa wote. Mgonjwa wako huyo hapo, amepona huyu?"

"Amepona, tena ametakata!" Nesi alimpa mchumba mkono, uso umejaa furaha. "Ila krimu ya jua usiache, kazi yako ni ya barabarani." Kisha akamgeukia binti. "Na wewe dada, pole na vidole. Alikuwa anakubana kweli kila mwanga ulipompiga."