Kiti cha Mwanakheri

Kampuni ya utalii iliwapa Mwanakheri na mumewe Badi gari na dereva wao, Ilyas, wazunguke jangwani. Asubuhi hiyo walimpita mwanamke kando ya njia, mtoto amemlegea begani.

"Simama!" Mwanakheri alisema.

"Siruhusiwi, mama. Kampuni inakataza kupakia watu wa njiani."

"Huoni mtoto anaumwa?"

Badi hakuinua macho kutoka kwenye kamera yake. "Gari tumelikodi sisi wawili. Twende."

Kwa miaka yote ya ndoa, Badi akishasema hivyo, Mwanakheri alinyamaza. Leo damu ilimchemka. Alifungua mlango gari likiwa linakwenda, na Ilyas akafunga breki kwa hofu. Mwanamke akaja mbio.

"Ilyas, abiria wako ni wawili?" Mwanakheri aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi nashuka. Kiti changu ni chake. Mfikishe hospitali."

"Una wazimu?" Badi alifoka. "Utabaki huku peke yako?"

"Shuka ubaki nami."

Badi hakushuka.

"Panda, mwenzangu," Mwanakheri alimwambia mwanamke, akampokea mtoto mpaka alipoketi, kisha akaubamiza mlango kwa nguvu zake zote. Ilyas alimpa chupa ya maji dirishani.

"Nitarudi, mama."

Aligeuza gari kuelekea mjini, Badi akimpigia kelele kisogoni.

Mwanakheri aliketi mchangani. Vumbi lililimeza gari. Lilipotulia, njia ilikuwa nyeupe na tupu pande zote mbili.