Alama ya Chaki

Kila akipachika mlango wa kioo, fundi huuchorea alama kubwa ya chaki ili watu wajue hapo hapapitiki.

Leo aliporudi sebuleni amebeba kioo cha dirisha, alama haikuwepo. Bibi mwenye nyumba alikuwa na kitambaa kilicholoa mkononi.

"Fundi gani wewe, kazi mpya halafu unaichorachora? Nimekufutia."

Mlango uling'aa kama haupo. Kutoka uani, mjukuu alikuwa akimkimbilia bibi yake, kichwa mbele.

"Simama!" fundi alipaza sauti. Mtoto akadhani ni mchezo, akaongeza mbio.

Cha kumshtua mtoto asimame kilibaki kile kioo cha mikononi, ambacho kingo zake zilikuwa bado hazijapigwa msasa. Fundi akatazama vidole vya miguu yake ndani ya kandambili, akakiachia.