Mkono wa Kuazima

"Andika mia mbili na arobaini," alisema Mwantumu.

Kalamu ya Mwalimu Hilaria ilisimama juu ya karatasi. Jibu sahihi lilikuwa mia mbili na nne. Alilisoma swali tena, kisha akamtazama msichana aliyekaa mbele yake, mikono yake miwili imelala mapajani kama magunzi. Moto wa jikoni ulivila vidole vyote akiwa na miaka mitatu.

"Una hakika?"

"Andika hivyohivyo, mwalimu."

Walikuwa wawili tu, ndani ya stoo ya majembe ya shule, katika kijiji kimoja cha ujamaa nje kidogo ya Kang'ata. Ilikuwa mwaka 1976, siku ya mtihani wa darasa la saba. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika barua tatu wilayani, akimwombea Mwantumu mtu wa kumwandikia na muda wa ziada. Mtu alikubaliwa, muda ukakataliwa. Kazi ikamwangukia Hilaria, aliyefundisha darasa la pili, kwa sharti moja: aandike anachotajiwa, asiongeze wala asipunguze.

"Rosa ameshaanza kuandika?" Mwantumu aliuliza ghafla.

"Ameanza. Wewe shughulika na yako."

Kwa miaka saba Rosa ndiye aliyekuwa mikono ya Mwantumu. Binti huyo wa vibarua wa mkonge alimwandikia madaftari, alimnywesha uji wa saa nne, alimfunga vifungo vya shati. Leo naye alikuwa darasani, akifanya mtihani wake mwenyewe. Hao wawili walikuwa wakipokezana namba moja tangu darasa la nne. Na shule yao, mwaka ukiwa mzuri, ilipata nafasi moja tu ya msichana kwenda sekondari.

Swali la kumi na saba Mwantumu akakosea. La kumi na tisa akakosea tena. Yalikuwa maswali ambayo Hilaria alishamsikia akiyajibu nje ya darasa bila hata kufikiri. Mtoto amechoka, alijiambia. Kutaja kila tarakimu, kusubiri iandikwe, na saa haimngoji. Hasira zikampanda, hasira juu ya yule bwana wa wilayani aliyepiga mhuri wa kukataa bila kumwona mtoto huyu hata siku moja.

Mwantumu alisema themanini. Hilaria akaukinga mkono wa kushoto mbele ya karatasi, akaandika tisini na sita.

Alifanya hivyo mara kumi na moja.

Walipotoka nje, Mwantumu alikuwa anatabasamu.

"Ulikuwa mgumu?" mwalimu mkuu alimwuliza.

"Hapana, mwalimu. Nimemaliza vizuri."

Majibu yalipokuja, mwalimu mkuu alisoma jina moja la msichana: Mwantumu Mwinjuma. Wanawake wakapiga vigelegele hadi mbuzi wakakimbia. Mwantumu aliangua kilio, na Rosa ndiye aliyemkalisha chini na kumfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Watu wakasema, furaha ikizidi ndivyo inavyokuwa.

Hilaria hakumtazama Mwantumu. Alimtazama Rosa, ambaye jina lake halikusomwa.

Ubwabwa wa sherehe aliwaachia watoto. Mara tatu alikwenda mpaka mlangoni kwa mwalimu mkuu, na mara tatu akageuka. Akisema, atafukuzwa kazi, na hilo angelivumilia. Lakini Mwantumu naye angerudishwa nyumbani kwa kosa lisilo lake. Akanyamaza. Mwisho akaomba uhamisho, akapelekwa Korogwe, akapanga chumba mtaa wa Manundu, mbali na macho ya Rosa.

Miaka miwili baadaye, Rosa akaja Korogwe kuanika katani kwenye shamba moja la mkonge. Njia yake ilipita mbele ya mlango wa Hilaria.

"Shikamoo, mwalimu!" alisema kila asubuhi, miguu mitupu, sauti yake changamfu kama ya zamani.

"Marahaba," Hilaria aliitikia, akitazama chini.

Mwaka 1981 mtu alibisha hodi. Alikuwa Mwantumu, mtu mzima sasa, mkoba begani. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na anakwenda kuanza masomo ya ualimu. Siku hizi aliandika mwenyewe, kalamu ikiwa imefungwa kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda wa ngozi.

Hilaria alimtengea chai, lakini yeye mwenyewe hakuweza kuketi.

"Mwanangu," alisema, "nina jambo limenikaa kifuani miaka mitano. Yale majibu ya hesabu hayakuwa yako yote. Kumi na moja niliyaandika mimi. Nilikuonea huruma. Nilimwibia Rosa nafasi yake nikakupa wewe, na kila asubuhi ananipitia hapa na kuniamkia."

Mwantumu hakugusa chai. Aliutazama ule mlango.

"Najua, mwalimu. Nilijua siku ileile jina langu liliposomwa."

"Ulijuaje? Niliikinga karatasi."

"Sikuona kitu," alisema Mwantumu. "Ila yale makosa niliyafanya kusudi, mwalimu. Nafasi ilikuwa moja, na mimi nilikuwa nimempa Rosa."