Gurudumu la Mkokoteni wa Taka

Katika mji wa wanyama, mkokoteni wa taka ulivunjika gurudumu. Punda, mzoa taka wa halmashauri, aliuburuta hivyo hivyo mpaka bega likachubuka, kisha akaenda kwa mwenyekiti, Korongo.

"Mheshimiwa, naomba gurudumu."

"Fungu lipo," Korongo akasema. "Lakini lazima kamati ikae kwanza."

Kamati ikakaa. Wajumbe walikunywa chai, wakala sambusa, wakalipwa posho, wakaahirisha. Wiki iliyofuata wakakaa tena. Kila kikao kililipiwa kutoka fungu lile lile la gurudumu. Huko sokoni lundo la taka lilifika kwenye meza ya Kuku, muuza maandazi, na wateja wakaanza kupita mbali.

"Kaka Punda, nenda ukaseme nao mwenyewe," Kuku akamsihi. "Wakiliona hilo bega wataona haya."

Punda akaenda. Korongo alimpa kiti, chai na sambusa mbili. Punda akaeleza habari za bega lake, na wajumbe wote wakatikisa vichwa kwa huruma. Mwisho akatia sahihi, akapewa bahasha. Ndani mlikuwa na zaidi ya mshahara wake wa mwezi.

Jioni alipita sokoni bila mkokoteni.

"Haya, gurudumu liko wapi?" Kuku akauliza.

"Suala lenyewe ni pana, dada," Punda akasema. "Tumeahirisha mpaka Jumanne."

Kuku akamtazama kidogo, kisha akaanza kuhamisha meza yake.