Siku Mbili za Mgeni

Mishahara ya Nyamizi na mumewe Lusajo ikijumlishwa ilizidi kidogo kiwango cha juu cha kipato cha kupewa mkopo wa nyumba za serikali. Wakapeana talaka ya karatasini tu mahakamani, Nyamizi akapewa mkopo peke yake, akahamia kwenye nyumba hiyo na binti yao, Sekela. Sheria ilimruhusu kulaza mgeni siku mbili tu kwa mwezi, na mlango ulitambua kila uso na kuhesabu.

Miezi ya mwanzo Lusajo alilia kila alipoondoka. Mwezi wa tisa alikuja Jumamosi, akala, akashukuru kwa chakula, akavaa viatu.

“Baba Sekela, bado una siku moja,” Nyamizi alimwambia. “Lala.”

“Nimechoka, mama Sekela,” akajibu kwa upole. “Leo acha nikalale kwangu.”

Mlango ukafunguka hata kabla hajaugusa.