Sauti ya Jumapili

Mashine iliimeza diski, ikanguruma kidogo, ikaitema. Fundi akaipangusa kwa kitambaa laini, akairudisha. Ikatemwa tena.

"Imekufa," fundi alisema.

"Usiseme hivyo, kaka. Jaribu tena."

"Nimeijaribu kwenye mashine zote za humu dukani, hata ile kuukuu isiyochagua chakula. Hakuna inayoona kitu. Ni sahani tupu."

Aliyesimama mbele yake alikuwa mtu mzima, fundi rangi wa magari, ingawa nyumbani bado aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi. Diski ile ilikuwa na sauti ya kaka yake. Kaka mtu alikwenda ng'ambo kutafuta riziki, akajirekodi akimsalimu mama, akampa msafiri ailete. Mama hajamaliza kuifurahia, ikafuata habari ya ajali. Mwili haukurudi.

"Tumeitunza kama mboni ya jicho," Kitinda alisema. "Haijaona jua wala vumbi. Baba ndiye aliyekuwa akiishika, tena kwa ncha za vidole, hadi alipofariki mwaka jana."

"Wewe si mtu wa rangi? Basi utanielewa. Diski ya kujirekodia ina rangi ndani yake, na rangi hiyo ndiyo inayoshika sauti. Ikififia, sauti nayo imekwenda. Na hufifia hata ukiifungia kabatini."

"Kwenye pakiti waliandika miaka mia."

"Aliyeandika aliishi hiyo mia akahakikisha?" Fundi aliigeuza kwenye mwanga. "Ina umri gani?"

"Inakaribia miaka ishirini."

"Mmh. Kwa macho ningesema ni changa kuliko hivyo. Lakini kifo hakiulizi umri. Nakala je?"

"Mama alikataa. Alisema mwanawe hagawanywi."

Fundi alimrudishia diski. Kitinda alibaki akitazama uso wake mwenyewe kwenye mgongo wa diski.

Keshokutwa ilikuwa Jumapili. Kila Jumapili asubuhi mama alivaa nguo safi kama anayepokea mgeni, akaketi karibu na redio, akamsikiliza mwanawe wa kwanza ndipo akala. Jumapili iliyopita redio ilikwaruza tu. Kitinda akasingizia umeme. Mama akasukuma sahani pembeni, na tangu siku hiyo alikuwa akinywa chai kavu na kukonda machoni pa watu.

Kitinda ndiye aliyekuwa akimkata kucha mama huyo na kumfulia mashuka. Hakuwahi kusikilizwa hivyo hata mara moja. Akizungumza, mama alijibu "eeh" huku akiangalia dirishani. Siku moja alimwambia wazi: "Mwenzio kwa maneno machache ananishibisha. Wewe kutwa kuvuma kama debe."

"Kaka," Kitinda alisema polepole, "una kipaza sauti?"

"Cha nini?"

"Maneno yote nayajua. Hata pale anapokohoa."

Fundi alimtazama, kisha akainuka, akafunga mlango na kuzima feni.

Kitinda aliishusha sauti yake, maana sauti ya kaka yake kwenye diski ilikuwa nzito kuliko wengi walivyomkumbuka. Baba alizoea kusema kwamba diski nazo huzeeka.

"Mama, shikamoo. Ni mimi mwanao..."

"Simama hapo," fundi alimkatiza. "Unasoma tangazo la msiba. Kaka yako alijua kwamba atakufa?"

"Hakujua."

"Basi sema kama mtu atakayerudi."

Akaanza upya. Akamwomba mama asihangaike, kwamba huko aliko kazi ni nzuri na baridi ameizoea. Akamkanya baba apunguze sukari. Akakohoa. Akacheka kidogo. Akafika pale panaposema, "Na huyo mdogo wangu mwambie asiguse baiskeli yangu," sauti yake mwenyewe ikamtoka, ikabidi warudie mara nyingine tena. Diski mpya ilipotoka, bado ina joto, akaiandika juu "Kwa Mama" kwa mwandiko wa kulalia kushoto kama ule wa diski ya zamani.

Jumapili mama aliketi mahali pake. Kitinda aliibonyeza redio, akarudi nyuma hadi ukutani.

Sauti ikajaa chumbani. Mama alifumba macho. Penye baridi alitikisa kichwa, penye sukari alitabasamu. Kikohozi kilipopita akaweka kiganja kifuani kama anayembembeleza mtoto. Kitinda alitaka kufurahi, akashindwa. Kumbe sauti yake ilikuwa na uwezo huo siku zote. Ilichokosa ni kufa tu.

Salamu zikaisha. Mama akavuta sahani na kula taratibu, tonge baada ya tonge, hadi ikabaki nyeupe. Kitinda alishusha pumzi, akaja kuiondoa.

"Umejitahidi, mwanangu," mama alisema, akimshika mkono. "Ila baba yako alimwigiza vizuri zaidi."